Jinzi Iliyopauka: Ilifanywa Nini Kabla Haijafika Kwako

Nyanyua jinzi yoyote ya mitumba pale Karume, Gikomba au Kongowea, uikunjue mbele ya jua. Mapaja yamefifia hadi yanakaribia weupe. Kwenye kinena kuna vimistari vyeupe vinavyotawanyika kuelekea mifukoni, magoti yamepauka, nyuma ya magoti makunyanzi yamejichora, na upindo wa chini umelika. Utaapa kwamba mwenyewe aliivaa miaka mitano mfululizo. Huenda hakuivaa hata mwezi. Alama zile ziliwekwa kiwandani kwa msasa, mawe, vimeng'enya, kemikali au miale ya leza, kabla suruali haijatundikwa dukani Ulaya au Marekani.

Huo si udanganyifu. Ni mtindo, na watu wanaulipia. Lakini kuna jambo ambalo lebo haisemi: karibu kila njia ya kuipausha jinzi hula nguvu yake. Suruali inayoonekana kuchakaa huwa imechakaa kweli kwa kiasi fulani, na sehemu ya umri wake imeshatumika kabla hujatoa hela. Anayejua ilipitishwa wapi atachagua vizuri zaidi sokoni, na akitaka kuipausha mwenyewe nyumbani hatajiumiza.

Siri iko kwenye uzi

Kitambaa cha jinzi ni pamba iliyofumwa kwa mshazari. Nyuzi za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu wa mguu, zimetiwa rangi ya nili. Nyuzi za mshindio, zinazokatiza kwa upana, zimeachwa nyeupe. Ufumaji wenyewe huuweka mtande juu zaidi, ndiyo maana nje ni buluu na ukipindua upindo unakuta ndani kumepauka. Kama umevaa jinzi sasa hivi, pindua uone.

Nili ni rangi yenye tabia yake. Haiyeyuki majini. Ili ishike pamba, wapiga rangi huibadilisha kwa haidrosalfaiti ya sodiamu ndani ya maji yenye soda kali, mpaka inageuka kuwa kimiminika cha manjano yenye ukijani. Nyuzi huzamishwa humo kwa muda mfupi, kisha hupandishwa hewani. Hapo hapo ukijani unaanza kugeuka buluu, kwa sababu oksijeni ya hewa imeirudisha nili katika hali yake ya kutoyeyuka. Zinazamishwa tena, zinapandishwa tena, mara sita, nane au zaidi, kutegemea ukolevu unaotakiwa.

Kwa kuwa kila mzamo ni mfupi, rangi hujikusanya juu ya uzi tu. Ukikata uzi wa jinzi na kuutazama kwa kioo cha kukuzia, utaona duara la buluu na kiini cheupe, kama muhogo uliochomwa mkaani: nje umekolea, ndani haujaguswa. Baadhi ya rangi nyingine za pamba huingia hadi ndani na kufungamana na uzi kikemia. Nili imejishikiza tu. Kila msuguo unaing'oa kidogo, na weupe wa chini unachungulia. Shati la khaki likisuguliwa hufifia sawasawa. Jinzi inaandika pale palipoguswa, iwe ni goti lililopigwa sakafuni, simu mfukoni au kiti cha pikipiki.

Kwa karne nyingi nili ilitoka kwenye mmea. Mkemia wa Kijerumani Adolf von Baeyer ndiye aliyefumbua muundo wake, kazi iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1905, na kuanzia 1897 kampuni ya BASF ikaiuza ikiwa imetengenezwa kiwandani. Wakati huo suruali zenye ribiti zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka ishirini: fundi cherehani Jacob Davis wa Nevada na mfanyabiashara Levi Strauss wa San Francisco walipewa hataza yao tarehe 20 Mei 1873. Wachimba migodi na vibarua walizinunua zikiwa ngumu, rangi imekoza. Kuzipausha ilikuwa kazi ya mvaaji, na hakulipwa wala kulipia.

Kwanza inashonwa, halafu inachakazwa

Mambo yalibadilika vijana walipochoka kungoja. Kuanzia miaka ya 1970 viwanda vikaanza kuzifua na kuzisugua jinzi kabla ya kuziuza. Wafaransa na Wajapani hadi leo wanabishana nani alitangulia, na ubishi huo tuwaachie wenyewe.

Kwa kawaida suruali hushonwa ikamilike ikiwa mpya, ndipo ipelekwe kuchakazwa. Ikiwa kazi ni ya mikono, huvishwa mguu wa mpira unaojazwa upepo ili kitambaa kikazike, na mfanyakazi husugua paja kwa msasa uliozungushiwa kijiti. Anafuata kielelezo, ili suruali elfu kumi zitoke na vimistari vilevile vya kinena mahali palepale. Midomo ya mifuko na upindo huguswa kwenye jiwe linalozunguka. Mahali pengine kitambaa hukunjwa na kubanwa kwa vijipini vya plastiki, vile vya kushikia lebo za bei, kisha hufuliwa kikiwa kimekunjwa. Sehemu iliyojitokeza inapauka na iliyojificha inabaki na buluu yake.

Matobo nayo yana utaratibu. Kisu au jiwe hukata nyuzi za buluu za mtande na kuuacha mshindio, ndiyo maana tobo la goti hubaki na nyuzi nyeupe zinazokatiza. Nyuzi zile ndizo zinazozuia tobo lisikue haraka. Ukizikata kwa mkasi kwa sababu zinakukera, umelipanua tobo mwenyewe.

Halafu yanakuja maji. Suruali huingizwa kwenye pipa kubwa la chuma linalozunguka, na maji ya kwanza huwekwa kimeng'enya cha kuondoa wanga ambao nyuzi zilipakwa ili zisikatike wakati wa kufuma. Wanga usipotoka vizuri, buluu itapauka kwa mabaka. Baada ya hapo ndipo mawe yanapoingia: mawe mepesi ya volkano, yaleyale tunayosugulia visigino. Yanagongana na suruali kwa muda, yanang'oa nili kwenye mishono na mapindo, na kitambaa kinalainika. Tatizo ni kwamba mawe hayo hupukutika. Yanajaa mifukoni na lazima mtu ayatoe kwa mkono, yanakwangua pipa lenyewe, na mchanga wake unaziba mifereji.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mawe yakapata mshindani wa ajabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mahema na vifaa vya pamba vya Jeshi la Marekani vilikuwa vikioza haraka kwenye joto na unyevu wa Visiwa vya Solomon. Watafiti wa jeshi wakakusanya vimelea vilivyokuwa vikivila, na miongoni mwao ilikuwamo kuvu ambayo baadaye ilipewa jina la Trichoderma reesei, kwa heshima ya mtafiti Elwyn Reese. Kuvu hii hutoa selulesi, kimeng'enya kinachomeng'enya selulosi, yaani pamba yenyewe. Kilichokuwa adui wa mahema kikageuzwa mfanyakazi wa kiwandani: kimeng'enya hula juu juu ya uzi, nili iliyoshikilia hapo inaporomoka pamoja na vijiuzi vilivyolegea. Leo vimeng'enya vya namna hii hutoka kwa kuvu mbalimbali, na viwanda vingi huvichanganya na mawe machache au kuacha mawe kabisa.

Kimeng'enya hakijui kusimama chenyewe, mradi joto na hali ya maji vinakifaa. Mfuaji ndiye anayekizima, kwa kupandisha joto au kubadilisha ukali wa maji. Akichelewa, suruali inatoka laini na nzuri ajabu, na inapasuka kinenani baada ya miezi michache. Kosa jingine la kawaida ni nili iliyong'oka kurudi na kutulia mahali isipotakiwa: kwenye mshindio mweupe na kwenye kitambaa cha ndani cha mifuko. Hapo jinzi inapoteza ule utofauti wa buluu na weupe, inakuwa na rangi ya maji machafu.

Kemikali ndizo zinazoleta weupe mkali. Klorini, ile ya jamii ya jiki, hupausha suruali nzima. Kwa paja au goti pekee hutumika pamanganeti ya potasiamu, inayopulizwa kwa bomba dogo. Ikitua huwa ya zambarau, ikifanya kazi huacha rangi ya kahawia, na suruali ikioshwa kwa kemikali ya kuizimua, kahawia inatoka na weupe unabaki. Mtindo wa mabaka kama marumaru uliovuma miaka ya 1980 ulipatikana kwa kuzungusha suruali pamoja na mawe yaliyolowekwa klorini au pamanganeti. Wengine mwishoni hutia rangi nyepesi ya manjano au udongo ili ionekane imekaa miaka mingi bila kufuliwa. Ndiyo, wapo wanaolipa ziada ili suruali mpya ionekane chafu.

Maji ya kazi hii yote lazima yaende mahali. Lesotho, ambako jinzi ni kazi kubwa ya viwanda, mwaka 2009 ilitangazwa duniani kwa maji ya mto yaliyogeuka buluu karibu na Maseru. Kiwanda chenye mtambo mzuri wa kusafisha maji hakitoi picha kama hizo.

Mchanga uliokula mapafu

Njia ya bei rahisi kuliko zote ilikuwa mchanga. Kompresa inausukuma kwa mpira wenye mdomo mwembamba, mfanyakazi anaulenga pajani, na kwa muda mfupi buluu imeng'oka. Haihitaji ustadi mkubwa wala mtambo wa gharama. Kibanda kisicho na dirisha kinatosha, na vibanda vya namna hiyo ndivyo vilivyotumika.

Mchanga wa kawaida umejaa silika. Ukigonga kitambaa kwa kasi hupasuka kuwa vumbi laini mno, ambalo hushuka hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu na kubaki humo. Mwili unajaribu kulizingira, unatengeneza makovu, na penye kovu hewa haipiti. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna tiba ya kuuondoa, na unaweza kuendelea hata mtu akiacha kazi. Pia humfungulia mlango kifua kikuu, jambo ambalo wachimbaji wa tanzanaiti kule Mirerani na familia zao hawahitaji kuelezwa.

Kwa wachimba migodi silikosisi mara nyingi huchukua miaka kumi au zaidi kujitokeza. Nchini Uturuki, katika miaka ya 2000, madaktari walianza kuwapokea vijana waliopuliza mchanga kwenye jinzi kwa miaka michache tu na mapafu yao yalikuwa yamekwisha. Baadhi yao walianza kazi wakiwa bado watoto. Karakana nyingi za Istanbul hazikuwa na usajili, na vijana hao walitoka vijiji vya mbali vya mashariki. Wengine walilala humohumo penye vumbi. Kijiji cha Taşlıçay, mkoani Bingöl, kikajulikana nchi nzima kwa wingi wa wagonjwa wake.

Serikali ya Uturuki ilipiga marufuku upulizaji huo wa mchanga Machi 2009. Septemba 2010 Levi Strauss & Co. na H&M zikatangaza kuuacha, kampuni nyingine zikafuata. Hata hivyo, ripoti ya Clean Clothes Campaign ya mwaka 2012 ilikuta bado unaendelea Bangladesh. Linaloudhi ni kwamba hatari hii haikuwa ngeni: Uingereza ilikuwa imeshakataza mchanga wa silika katika kusafisha vyuma vya kusubu kwa kanuni za mwaka 1949. Miaka sitini baadaye mchanga uleule ukaua watu kwa ajili ya weupe wa paja.

Kwa macho, mnunuzi hawezi kutofautisha paja lililopulizwa mchanga na lililosuguliwa kwa msasa. Kwa hiyo sitamwambia msomaji akague jinzi ya Gikomba kutafuta dhambi hiyo. Lakini kama una karakana, au kijana wako ameajiriwa kwenye karakana, na hapo pana kompresa na mchanga wa kupaushia nguo, kazi hiyo iachwe. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la silika. Aliyeifanya kwa muda na sasa ana kikohozi kikavu au anahema kwa kazi ndogo aende hospitali akapigwe picha ya kifua, na amweleze daktari wazi kwamba alikuwa akipuliza mchanga. Asiposema, anaweza kutibiwa ugonjwa mwingine kwa miezi.

Leza na ozoni

Tangu mwisho wa miaka ya 1990 kazi ya msasa imekuwa ikihamia kwenye mwanga. Kampuni ya Jeanologia ya Valencia, Hispania, ilileta leza kwenye jinzi mwaka 1999. Mwale unapita juu ya kitambaa na kuichoma nili iliyo juu ya uzi mpaka inageuka mvuke, huku kompyuta ikiongoza wapi iunguze sana na wapi kidogo. Kielelezo kinaweza kuwa picha ya jinzi iliyovaliwa na mtu halisi. Levi's ilipotangaza mpango wake wa leza mwaka 2018 ilieleza kwamba mfanyakazi wa mikono humaliza suruali mbili au tatu kwa saa, na mashine humaliza moja kwa sekunde 90. Upande mmoja ni mapafu na pamanganeti vilivyoepukwa. Upande wa pili ni ajira, na sioni sababu ya kujifanya kwamba hesabu hiyo ni nyepesi kwa mji unaoishi kwa jinzi.

Ozoni ni gesi, na hufanya kazi ya klorini bila maji mengi: suruali zenye unyevu huwekwa ndani ya pipa lililofungwa kabisa, gesi inaivunja nili, kisha mashine inaigeuza ozoni kuwa oksijeni kabla mlango haujafunguliwa. Lazima pipa lifungwe, kwa sababu ozoni nayo huumiza mapafu.

Sokoni, angalia haya

"Hii mpya kabisa, dada, ni mtindo tu." Muuzaji akikwambia hivyo huenda anasema kweli. Kazi yako ni kujua mtindo huo umekula kiasi gani.

Anza na alama zenyewe. Za kiwandani huwa sawasawa kulia na kushoto. Alama za mwili hazilingani: mfuko uliobeba simu au pochi umejichora, mguu mmoja umelika zaidi, upindo umechanika kisiginoni kwa sababu ulikanyagwa. Ijaribu mwilini. Kama weupe wa goti unaangukia kwenye ugoko, basi alama zilipangwa kwa mtu mrefu kuliko wewe, na hata fundi akikupunguzia urefu goti litabaki chini. Kasoro hii hairekebishiki, afadhali uiache.

Pindua ndani. Mfuko wa ndani ukiwa umegeuka buluu, suruali ilifuliwa kwa muda mrefu na kwa fujo. Mfuko mweupe na mshindio mweupe ni dalili ya kazi safi. Palipo na weupe mkali wenye kingo za ukungu, ukiambatana na umanjano, pamanganeti haikuzimuliwa vizuri, na umanjano huo huweza kuongezeka. Vimistari vyenye kingo kali ambavyo viko juu juu tu, huku kitambaa hakijafanya manyoya ya kusuguliwa, mara nyingi ni kazi ya leza.

Kisha pima nguvu. Inyooshe mbele ya jua na utazame kinena, makalio na mapaja kutokea ndani. Mwanga ukipenya kwa mabaka, hapo ndipo itakapopasukia. Bana kitambaa kati ya vidole gumba viwili na uvute kwa upana, polepole, pajani na kinenani. Kitambaa kizima hurudi. Kilicholiwa husikika kikitoa mlio mdogo wa nyuzi kukatika. Fanya hivyo kabla ya kupatana bei, maana baada ya hapo muuzaji ana haki ya kukasirika.

Mwisho, soma lebo. Pamba asilimia 100 huvumilia zaidi. Elastani, ambayo lebo nyingine huiita Lycra, hufanya suruali ivutike, lakini joto na klorini huiua. Jinzi ya kubana iliyopaushwa sana na yenye elastani nyingi ndiyo inayolegea magotini na kubaki imevimba. Jinzi nyeusi ni habari nyingine: nyingi hutiwa rangi ya salfa wala si nili, kwa hiyo usitegemee weupe uleule. Ukizipausha kwa klorini mara nyingi hutoka na ukahawia.

Ukitaka kuipausha mwenyewe

Chagua jinzi nzito ya pamba tupu. Nyembamba itatoboka kabla haijapauka.

Njia salama ni msasa. Vaa suruali, kaa, simama, chuchumaa, kisha weka alama kwa chaki pale inapokunjika na pale goti linapokaa. Vua, ingiza ubao mguuni ili usisugue upande wa pili, na utumie msasa laini, namba 220 kwenda juu. Sugua kwa mkono mwepesi kufuata urefu wa mguu, ukikung'uta na kutazama mara kwa mara. Fanyia nje, funga barakoa. Vumbi la pamba na nili si la kuvuta. Acha mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu ukiifua itapauka zaidi.

Klorini inahitaji adabu kubwa zaidi. Fanyia penye hewa, vaa glavu, na utumie ndoo ya plastiki, si sufuria. Jaza maji baridi lita 5, changanya kikombe kimoja cha jiki ya kawaida, ndipo uingize jinzi iliyokwisha kulowanishwa. Usimimine jiki moja kwa moja juu ya kitambaa, utapata madoa na baadaye matundu. Geuza bila kuacha, angalia kila baada ya dakika tano, na usipitishe nusu saa. Ikiwa majini huonekana nyeusi kuliko itakavyokuwa ikikauka, kwa hiyo itoe ikiwa bado imekolea hatua moja. Isuuze kwa maji mengi mara tatu. Klorini iliyobaki huendelea kula pamba kimyakimya, hivyo iloweke dakika kumi kwenye maji lita 5 yenye nusu kikombe cha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda, kisha suuza tena.

Wengi watakushauri umalizie na siki au ndimu ili kuiua klorini. Usithubutu. Klorini ikikutana na tindikali hutoa gesi ya sumu, na hali ni ileile ikikutana na dawa za kusafishia choo. Ikichanganyika na amonia nayo hutoa gesi mbaya. Ukisikia harufu inayochoma pua na macho, acha kila kitu, toka nje, usirudi kuokoa suruali.

Pamanganeti wanaiuza madukani kwa bei ndogo na video za kufundisha matumizi yake ni nyingi. Ushauri wangu ni kuiachia viwanda. Inaunguza macho, inachafua ngozi kwa ukahawia wa siku nyingi, na ikikutana na gliserini huweza kuwaka moto yenyewe. Katika nyumba zetu gliserini ya kujipaka iko kwenye kila meza ya kioo.

Anayetaka kubakiza rangi afanye kinyume: afue ndani nje, kwa maji baridi na sabuni kidogo, aanike kivulini, asipige brashi magotini. Na kama imeshapauka kuliko ulivyotaka, wapo mafundi wa kupiga rangi kwenye masoko mengi ya miji yetu. Kabla hujampa, muulize kama rangi yake ni ya pamba na kama anaichemsha pamoja na chumvi, mwonyeshe sehemu zilizolika ili asije akalaumiwa kwa tundu lililokuwapo, na mara chache za mwanzo ifue peke yake, mbali na mashati meupe.